Majibu Yaliyogongana Baada ya Mtihani wa Fizikia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Dodoma mjini. Juzi tulimaliza mock ya Fizikia, nadharia na vitendo, na tulipotoka tukakaa nje ya geti kulinganisha majibu. Katika swali la pendulamu, karatasi ilitutaka tupime urefu wa uzi hadi kwenye kindoano cha tufe, tuchore grafu ya T² (mraba wa kipindi, yaani muda wa mpembeo mmoja) dhidi ya urefu, kisha tutafute g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Mimi nilipata 9.4, wenzangu wanne walipata 9.80 kamili, na mmoja 10.9. Uzi wangu ulikuwa wa sentimita 10, 20, 30, 40 na 50. Mipembeo 20 ilichukua sekunde 13.6 kwa uzi mfupi kabisa na 28.8 kwa uzi mrefu kabisa, na mstari wa grafu nikauanzisha kwenye sifuri. Katika nadharia tuligongana kwenye kioo mbonyeo, kwenye jiwe linaloanguka kutoka mita 20, na kwenye swali lililotaja mwinuko wa Dodoma na wa Dar es Salaam na kuuliza kwa nini maharage huchelewa kuiva huku kwetu. Mimi niliandika kanieneo (presha) ya hewa, mwenzangu akaandika chumvi ya maji ya visima, na karibu wote wakamuunga mkono. Kuhusu pendulamu wananishauri siku nyingine nianze na 9.8, kisha nirudi nyuma kutafuta sekunde. Je, nimeikosa A? Na je, niache kabisa kulinganisha majibu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wengi wanaoniandikia baada ya mitihani huniletea jibu la mwisho peke yake, na kwa jibu la mwisho peke yake mwalimu hana la kufanya zaidi ya kumtuliza mtu moyo. Wewe umekumbuka vipimo vyako. Kwa kuwa ninazo zile sekunde 13.6 na 28.8, ninaweza kukuonyesha 9.4 yako imetoka wapi, na utaona kwamba kazi ya mikono yako ilikuwa nzuri kuliko ulivyodhani ulipokuwa umekaa pale nje ya geti.

Tuanze na pendulamu, kwa kuwa ndiyo yenye mengi. Kipindi cha mpembeo mmoja kwa uzi wa sentimita 10 ni sekunde 13.6 zikigawanywa kwa 20, yaani sekunde 0.68, na mraba wake ni 0.462. Kwa uzi wa sentimita 50 kipindi ni sekunde 1.44, na mraba wake ni 2.074. Chukua nukta hizo mbili tu, wala usiiguse sifuri: tofauti ya miraba ni 1.612, tofauti ya urefu ni mita 0.40, kwa hiyo mteremko ni 4.03. Kwa kanuni ya pendulamu, g ni 4π² ikigawanywa kwa mteremko; gawanya 4π², ambayo ni 39.48, kwa 4.03, nawe utapata 9.80. Vipimo vyako vyenyewe, ulivyovichukua kwa stopwochi yako, vinatoa jibu lile lile ambalo wenzako walijivunia.

Kilichokuangusha ni mstari ulioanzia sifuri. Kanuni mliyofundishwa inasema kwamba T² inakwenda sambamba na urefu wa pendulamu, na urefu wa pendulamu huhesabiwa kutoka pale uzi unapoanzia kuning'inia hadi kwenye kitovu cha tufe. Karatasi yenu haikuwaambia mpime urefu huo; iliwaambia mpime uzi hadi kwenye kindoano. Katikati ya kindoano na kitovu cha tufe kuna umbali mdogo, tuuite d, ambao uko ndani ya kila kipimo chako ingawa hukuuandika kwenye jedwali. Kwa hiyo hata pale ambapo uzi wako ungekuwa na urefu wa sifuri kwenye karatasi, pendulamu ingebaki na urefu wa d, na T² isingekuwa sifuri. Mstari sahihi wa vipimo kama vyako hukata mhimili wa wima juu kidogo ya sifuri. Ukiulazimisha utokee sifuri huku ukitaka upite katikati ya nukta zako tano, hauna budi kuwa mkali zaidi. Mteremko wake unafika karibu 4.2, na 39.48 kwa 4.2 ni 9.4. Hiyo ndiyo 9.4 yako.

Tunaweza hata kuujua umbali wa d bila kuliona tufe lenyewe. Mstari unaopita kwenye nukta zako hukata mhimili wa wima kwenye 0.06 hivi, na 0.06 ikigawanywa kwa mteremko wa 4.03 inatoa mita 0.015, yaani sentimita moja na nusu. Ukipata nafasi ya kurudi maabara, lichukue tufe lile ulipime: likiwa na kipenyo cha karibu sentimita 2 na kindoano cha nusu sentimita, mambo yatakuwa yamekubaliana. Kuna ushahidi mwingine unaoweza kuutafuta katika jedwali lako. Ukikokotoa g kwa kila kipimo peke yake, bila grafu, uzi wa sentimita 10 utakupa 8.5 na ule wa sentimita 50 utakupa 9.5. Jibu linalopanda kadiri uzi unavyorefuka ni dalili ya kwamba kuna kipande cha urefu kisichobadilika ambacho hakikuhesabiwa, kwa kuwa sentimita moja na nusu ni sehemu kubwa ya sentimita 10 na ni sehemu ndogo ya sentimita 50. Hii ndiyo sababu watunga mitihani wanataka grafu: mteremko hauguswi na kosa la urefu lisilobadilika, ilimradi mchoraji auache mstari wake ukate mhimili pale nukta zinapouelekeza.

Msomaji makini anaweza kuniuliza kwa nini nisiseme kwamba ulilivuta tufe mbali mno kabla ya kuliachia. Ni swali la haki, kwa sababu mpembeo wa pembe kubwa nao huishusha g. Kwa pembe ya nyuzi 30 kipindi hurefuka kwa asilimia 1.7 hivi, na g inayopatikana hushuka hadi karibu 9.5. Lakini kosa hilo, likiwa la pembe ile ile katika kila kipimo, huongeza miraba yote kwa uwiano mmoja, na mstari ungeendelea kupita sifuri. Nukta zako hazielekei sifuri. Kwa hiyo pembe yako ninaiachia huru.

Yule wa 10.9 simfahamu wala sijaona jedwali lake, hata hivyo nina dhana yenye nguvu. Watu wengi, wanapoliachia tufe, husema "moja" papo hapo wakati stopwochi inaanza, ilhali mpembeo wa kwanza bado haujakamilika. Atakapofika "ishirini" tufe litakuwa limekwenda na kurudi mara 19 tu. Akigawanya muda huo kwa 20, kipindi kinapungua kwa asilimia 5, mraba wake unapungua kwa karibu asilimia 10, na g ya 9.8 inapanda hadi 10.9. Namba hizi zinalingana kiasi cha kutosha kunifanya nimshauri ajaribu kuhesabu tena kwa kuanza na "sifuri" pale anapoliachia tufe. Katika miezi hii ya kiangazi, upepo wa Dodoma unapoingia madirishani, ni vizuri pia kufunga dirisha lililo karibu na stendi, maana tufe likianza kuzunguka badala ya kupembea, kuhesabu kunakuwa kwa kubahatisha.

Sasa wale wanne wa 9.80 kamili. Mkono wa mwanadamu unaobonyeza stopwochi huweza kukosea kwa sekunde 0.2 hivi bila uzembe wowote. Ongeza sekunde hizo 0.2 kwenye 28.8 yako uone kitakachotokea: g inakuwa 9.6. Zipunguze, inakuwa karibu 10.0. Kwa vifaa vyenu, basi, mwanafunzi mwangalifu anatazamiwa kuangukia popote kati ya 9.6 na 10.0, na hata ile 9.80 niliyoipata kwa nukta zako mbili ina bahati ndani yake. Wanafunzi wanne kupata 9.80 ile ile, kwa nyuzi nne na mikono minne, si jambo lisilowezekana, lakini ukiunganisha na ushauri waliokupa wa kuanza na jibu na kurudi nyuma, mtu hahitaji kuwa mpelelezi. Mmewahi kusikia mwalimu akiita jambo hilo kupika data, na msahihishaji anayepitia mamia ya majedwali hulitambua bila shida, kwa sababu nukta zilizopikwa hukaa juu ya mstari pasipo hata moja kuyumba.

Kupika data kuna hasara nyingine inayowahusu hasa wenzako. Aliyeanza na 9.8 na kuikokotoa T kwa kutumia urefu wa uzi peke yake atakuwa na nukta zinazopita sifuri kabisa, ilhali tufe halisi lililo mbele yake lina kindoano na nusu kipenyo. Grafu yake inasema kwamba tufe halina ukubwa. Mtunga mtihani anayeagiza mpime uzi hadi kwenye kindoano mara nyingi anafanya hivyo kwa makusudi, ili baadaye aulize mstari umekata mhimili wapi na maana yake ni nini. Mpishi wa data hana jibu la swali hilo. Isitoshe, mtunga mtihani anaweza kubadilisha pendulamu yote, akaning'iniza rula iliyotobolewa matundu au akatumia springi, na hapo hakuna 9.8 ya kuanzia.

Niseme neno kuhusu namba yenyewe, kwa sababu vijana huikariri kana kwamba ni moja duniani kote. Mwaka 1672 mwanaastronomia wa Ufaransa Jean Richer alisafiri hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na Ikweta, akiwa na saa ya pendulamu iliyokuwa ikienda sawasawa Paris. Kule Cayenne saa ilichelewa kwa takribani dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi aifupishe pendulamu. Tofauti hiyo haikuwa uzembe wa mpimaji. Mvuto karibu na Ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya, na baadaye Isaac Newton aliutumia ushahidi huo alipoeleza kwamba dunia imetuna kwenye Ikweta. Dodoma, iliyo kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta na mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ina g ya karibu 9.78, wakati kwenye ncha za dunia inafika 9.83. Stopwochi ya shuleni haiwezi kuiona tofauti hiyo, kwa hiyo usiitaje kama sababu ya 9.4 yako.

Kuhusu jiwe na kioo sina haja ya kukaa sana. Jiwe lililoachiwa kutoka mita 20 huchukua sekunde 2.00 ukitumia g ya 10 na sekunde 2.02 ukitumia 9.8; tazameni ukurasa wa kwanza wa karatasi ya maswali, mahali panapotolewa namba za kutumia, na ugomvi utaisha. Kioo mbonyeo nacho, kama kilikuwa cha umbali wa fokasi wa sentimita 15 na kitu kikawekwa sentimita 10 mbele yake, kinatoa taswira isiyo halisi sentimita 30 nyuma ya kioo. Aliyeandika −30 na aliyeandika "sentimita 30 nyuma ya kioo" wameandika kitu kimoja. Waliogombana hapo walikuwa wakilinganisha maandishi. Mwenye kosa, kama yupo, ni yule aliyeandika 30 bila alama na bila maelezo, kwa sababu msahihishaji hawezi kujua anamaanisha upande gani.

Maharage ndiyo yanayonivutia, kwa sababu hapo wengi wamekushinda kwa kura ilhali wewe ndiwe uliyejibu swali. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Kwa mwinuko wa Dodoma kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 87 ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 na nukta kidogo badala ya 100. Ukiongeza moto, maji yatakauka haraka zaidi, lakini joto lake halitapanda, na maharage yanayopikwa kwenye nyuzi 96 yanalainika polepole kuliko yanayopikwa kwenye 100. Sufuria ya presha inaondoa tatizo kwa kuuzuia mvuke, hivyo kuongeza kanieneo ndani yake. Swali lilitaja mwinuko wa miji miwili. Mwinuko haukutajwa kwa mapambo.

Hata hivyo mwenzako wa chumvi hakusema upuuzi, na ningependa umrudishie heshima yake. Maji ya visima katika sehemu nyingi za mkoa wetu ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo hushikamana na pektini, ile gundi ya asili iliyo katika kuta za seli za maharage, na kuzifanya zisilegee upesi. Mama zetu wanaotia magadi sufuriani wanapambana na jambo hilo hilo, kwa kuwa magadi husaidia kuivunja pektini. Kwa hiyo katika jiko la Dodoma sababu zote mbili zipo, na mtu akiniuliza sokoni nitamtajia zote mbili. Ila katika mtihani anayesoma swali lenye mwinuko na kujibu kwa maji ya kisima ametoa ukweli ambao haukuulizwa. Na kama alieleza kwamba chumvi inabadilisha kiwango cha kuchemka, hapo amekosea kabisa, kwa sababu gramu moja ya chumvi ya kawaida ndani ya lita moja ya maji hukipandisha kiwango hicho kwa takribani nyuzi 0.02 tu, kwanza inakipandisha, na kama ingekuwa na nguvu ingeyafanya maharage yaive mapema.

Umeuliza kama uache kulinganisha majibu. Jibu langu linategemea siku. Jioni ambayo kesho yake una Kemia au Hisabati, usilinganishe chochote. Chukua begi lako uende zako, kwa sababu karatasi uliyokwisha kuikabidhi haiongezeki alama kwa mjadala, na usingizi utakaoupoteza utakugharimu kwenye karatasi inayofuata. Mitihani yote ikiisha, tena ikiwa ni mock ambayo bado inawaachia muda kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, kulinganisha ni kazi nzuri kuliko kusoma upya daftari zima, ilimradi mkubaliane namna ya kuifanya. Mkae na karatasi ya maswali mkononi, maana watu hukumbuka majibu yao na kusahau swali lilitaka nini. Kila mmoja aeleze kwanza alichosoma katika swali, halafu kanuni aliyoichagua, halafu namba alizoingiza, na jibu la mwisho lije mwishoni. Mkifanya hivyo mtagundua mapema kama mnatofautiana kwa data, kwa kukadiria desimali, kwa alama ya kutoa, au kwa fizikia yenyewe, na ni hili la mwisho tu linalostahili kumnyima mtu raha. Wingi wa waliokubaliana usiupe uzito mpaka ujue kila mmoja alifikaje pale. Watu wanne waliokaa benchi moja na kunong'onezana ni shahidi mmoja.

Kuhusu A, siwezi kukuhesabia alama za karatasi ambayo sijaiona. Ninachoweza kukuambia ni kwamba A ya Kidato cha Nne huanzia 75, na kwamba katika swali la vitendo alama kwa kawaida hugawanywa kwa jedwali, vipimo vyake, majina na vizio vya mihimili, skeli, nukta, mstari, mteremko na ukokotoaji. Katika orodha hiyo ndefu wewe umeteleza kwenye mstari, na mteremko ukafuata. Msahihishaji anayekubali njia sahihi iliyobeba namba yenye kasoro atakupa sehemu ya alama za ukokotoaji hata kama 9.4 yenyewe ataikata. Mwanafunzi mwenye jedwali safi kama lako hapotezi A kwa swali moja la namna hiyo. Akiipoteza, itakuwa imepotelea kwingine.

Wiki hii ichore grafu hiyo tena kwa vipimo vyako vyote vitano, ukiacha mstari ujitafutie mahali pa kukata mhimili, kisha umpelekee mwalimu wako wa Fizikia pamoja na ile ya kwanza na umwombe akuruhusu kulipima tufe. Mwombe pia awape swali moja ambalo urefu wa pendulamu unapimwa kutoka mahali pasipo pa kawaida, kwa mfano kutoka sakafuni hadi kwenye tufe, ambapo mstari wa grafu hushuka badala ya kupanda. Uzi, jiwe dogo lenye umbo zuri na saa ya simu ya mzazi vinatosha kulifanya hilo nyumbani jioni, upepo ukishatulia.